Kozi ya maandalizi ya kusoma nje, mjini Unguja: siku ya kwanza inalipa ada yote

Kila mwaka, majina ya waliopata nafasi za China, India, Uturuki na Malaysia yanapoanza kutoka, mjini Unguja hufunguka na kozi za kuwaandaa. Baadhi ni za bure. Baadhi huendeshwa na mawakala wa vyuo, na hizo mtu azisikilize akijua kuwa anayezungumza ana kamisheni yake. Tunayoipima hapa ni ya kulipia: siku tatu, saa mbili asubuhi mpaka saa tisa mchana, shilingi 50,000 pamoja na kitini, chai na chakula cha mchana. Waandaaji hatuwataji jina. Maoni haya wameshapelekewa na wameyajibu, na majibu yao tumeyatia pale yanapohusika.

Kipimo chetu ni swali moja. Mwanafunzi akishatua huko aendako, katika mwezi wa mwanzo, atajua afanye nini, wapi, na kabla ya siku gani? Kozi ikimjibu hilo imefanya kazi yake, hata kama projekta ni mbovu. Isipomjibu, pilau ya mchana haitomsaidia. Kwa kipimo hicho siku ya kwanza tunaipa alama za juu, ya pili imetuvunja moyo, na ya tatu ina kipindi kimoja ambacho kozi nyengine hazina.

Majina na mihuri

Mkufunzi wa siku ya kwanza alionekana wazi kuwa ni mtu aliyekaa dirishani miaka mingi akipokea fomu. Alianza na majina, na ndipo panapostahili kuanzwa. Kwetu mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na kila karani huandika kwa sikio lake. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cheti cha NECTA kinasema Hamisi. Mwanakhamis anageuka Mwanahamisi, Saleh anageuka Swaleh, Abdalla anaongezewa h mwishoni na mwalimu wa darasa la kwanza na hiyo h inamfuata mpaka kidato cha sita. Hapa nyumbani hakuna anayeshtuka. Kwenye mfumo wa chuo cha nje, hao ni watu wawili, na mmoja wao hajafanya mtihani.

Zoezi alilowapa ni hili. Laza mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na pasipoti. Mmoja asome jina herufi kwa herufi, mwengine afuatilie kwenye cheti chengine kwa kidole. Macho ya mwenye jina huwa yamezoea na hayaoni kosa, ndiyo maana wanatakiwa watu wawili. Ikipatikana tofauti, tafuta kwanza ni cheti gani kigumu zaidi kubadilishwa, aghlabu kile cha NECTA, halafu vyengine ndivyo vifuate hicho. Wengi hufanya kinyume: wanakwenda mbio kutengeneza pasipoti kwa jina la cheti cha kuzaliwa, kisha wanagundua kuwa matokeo yao ya mtihani ni ya mtu mwengine. Cheti cha kuzaliwa hurekebishwa kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Muda ukiwa hautoshi, kuna kiapo mbele ya wakili kinachosema kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja, ila kiapo ni kiraka: kuna balozi zinazokikubali na kuna zinazokirudisha. Ombi la chuo lijazwe kwa jina lilivyo kwenye pasipoti, kwa sababu viza inabandikwa humo.

Katika somo hilo lilikosekana jambo moja, na lina gharama. Fomu za nje zina kisanduku cha jina la ukoo, na kwetu kinachoingia humo ni jina la mwisho, yaani la babu. Mwanafunzi ni Salum Juma Khamis. Baba anayemlipia ni Juma Khamis Ali. Kwa ofisa wa viza, mmoja anaitwa Khamis na mwengine anaitwa Ali, basi hawa wana uhusiano gani? Taarifa ya benki ya baba inawekwa pembeni kama ya mtu baki. Dawa yake ni kuambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua fupi inayoeleza namna majina yanavyopangwa Zanzibar, mistari mitatu tu. Waandaaji wamesema wataliingiza kwenye kitini.

Mlolongo wa mihuri ulifundishwa kwa mpangilio mzuri: nakala kuthibitishwa na wakili, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo ina ofisi yake Zanzibar, kisha ubalozi wa nchi inayohusika. China, India na Oman zina ubalozi mdogo hapa hapa Unguja. Kwa nchi nyingi zilizobaki safari ni ya boti kwenda Dar. Mkufunzi alisisitiza mpangilio huo usirukwe, maana ubalozi hautambui sahihi ya wakili wa Mwanakwerekwe. Unatambua sahihi ya Wizara. Aliyeanza na ubalozi atarudishwa nyuma, na kama ubalozi huo uko Dar, kurudishwa ni nauli mbili na usiku mmoja.

Kwa wa China palikuwa na maelezo ya ziada kuhusu fomu ya uchunguzi wa afya ya mgeni, na hapo tulivua kofia. Fomu hiyo hukataliwa kwa mambo madogo: picha iliyobandikwa bila ya muhuri wa hospitali kupita juu yake, sahihi ya daktari kukosekana, au kisanduku kimoja kuachwa wazi. Muda wake ni miezi sita. Anayepima Februari kwa sababu ana wasiwasi, na chuo kinafungua Septemba, atakuwa anapima mara ya pili. Fomu ya JW201 au JW202, yaani ile ya kuombea viza ya masomo, barua ya kukubaliwa na nakala asili za vyeti zinakaa kwenye begi la mkononi, haziingii kabisa kwenye lile linalokabidhiwa ndege, kwa sababu atakayeziulizia mwanzo ni ofisa wa uhamiaji uwanjani na wakati huo begi kubwa bado liko ndani.

Ushauri wa kujitumia skani kwa barua pepe ulikuwa sahihi nusu. Anayekwenda China ajue kuwa Gmail haifunguki huko kwa intaneti ya kawaida. Skani ziwe pia ndani ya simu yenyewe na kwenye flashi.

Jengine lililotufurahisha: cheti halisi cha kidato cha sita hutoka miezi kadhaa baada ya matokeo, wakati ambao mwanafunzi ameshaondoka. Kozi iliwapa washiriki mfano wa hati ya uwakilishi, ili mzazi au kaka aweze kwenda skuli kukichukua kwa niaba yake. Karatasi moja tu, lakini asiyekuwa nayo hujikuta mwaka wa pili chuo kinamdai cheti na mwalimu mkuu hakitoi kwa mtu asiyehusika.

Siku ya pili: watu sitini, nchi nane, ukumbi mmoja

Asubuhi yote ya siku ya pili ilikwenda kwa motisha. Mgeni rasmi alichelewa, akafika, akasema wanafunzi ni mabalozi wa nchi yao, wasisahau dini yao na wazee wao. Hakuna anayepinga. Lakini maneno hayo watayasikia tena nyumbani, msikitini na kwenye dua ya kuagwa. Kwa 50,000 walikuja kutafuta wasichoweza kuambiwa na mjomba.

Mchana ndipo palipotarajiwa kiini cha kozi, yaani sheria za mgeni. Mtoa mada, mwenye ujuzi wa jumla usio na nchi, alisema: ukifika, jiandikishe, fuata sheria, usipitishe viza. Basi. Sasa tazama maneno hayo matatu yanavyogeuka kila mtu akishuka uwanja wake.

Aliyekwenda China ana saa 24 za kuandikishwa polisi pale anapolala. Akikaa kwenye bweni la chuo, kwa kawaida ofisi ya wanafunzi wa kigeni humfanyia. Akilala kwa rafiki usiku wa mwanzo, jukumu ni lake na mwenyeji wake, na kila akihama huanza upya. Viza ya X1, ya masomo yanayozidi siku 180, si ya kukaa nayo mwaka mzima. Ni ya kuingilia, na ndani ya siku 30 inatakiwa igeuzwe kibali cha ukaazi. Ada ya kibali cha chini ya mwaka ni yuan 400. Anayevuka kwenda Hong Kong kununua simu kabla ya kupata kibali amehesabiwa kuwa ametoka nchini; viza yake ya mara moja imekwisha hapo, na darasani harudi.

Wa India, ikiwa viza yake inazidi siku 180, ana siku 14 za kujisajili kwa ofisi ya wageni, FRRO, na siku hizi kazi hiyo hufanyika mtandaoni. Mfumo utamdai karatasi kutoka chuoni na uthibitisho wa makaazi, na mwenye nyumba au bweni naye anatakiwa awe amejaza fomu ya kumpokea mgeni. Wanaopanga chumba mtaani kwa mwenye nyumba asiyetaka kujulikana na serikali ndio wanaokwama hapa. Viza ya mwanafunzi wa India haimruhusu kufanya kazi, na kuhama chuo kunataka ruhusa. Si suala la kufunga begi na kwenda chuo cha jirani chenye ada nafuu.

Malaysia saa inayokimbia ni ya hospitali: uchunguzi wa afya ndani ya siku saba tangu kuwasili, kwenye kliniki iliyosajiliwa na EMGS, taasisi inayoshughulikia viza za wanafunzi wa kigeni huko, na chuo huweza kuitaka pasipoti kwa ajili ya kibali cha mwanafunzi. Ikichukuliwa, kipindi hicho mwanafunzi hana pasipoti mkononi, kwa hivyo atembee na nakala na barua ya chuo inayosema pasipoti iko wapi.

Uturuki, mbali na kibali cha ukaazi kinachoombwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa e-ikamet kabla muda wa viza haujaisha, kuna mambo mawili ambayo wageni huyajua kwa kuumia. La kwanza ni bima: asiyekuwa na ufadhili wenye bima ndani yake ana miezi mitatu tangu kujisajili chuoni kuomba kuingia kwenye bima ya afya ya serikali, na akiichelewa nafasi hiyo humpita, abaki na bima binafsi. La pili ni simu. Simu iliyotoka nje, ikitumiwa na laini ya Uturuki, hufungwa baada ya siku 120 isiposajiliwa kwa namba yake ya IMEI, na ada ya kuisajili ni kubwa kiasi cha kuweza kuzidi bei ya simu yenyewe. Wazee wanaomnunulia mtoto simu mpya ya maelfu Darajani kama zawadi ya safari ya Istanbul wangependa sana kuambiwa hili mapema. Hata mara moja halikutajwa.

Wa Uingereza kazi yake kubwa iko kabla ya safari. Cheti cha kupimwa kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, kwa anayekwenda zaidi ya miezi sita. Fedha zilizokaa benki siku 28 mfululizo bila ya salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na taarifa ya benki isiyozidi siku 31 siku ya kuomba. Tozo ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, inayolipwa yote pamoja wakati wa kuomba viza. Hapa desturi yetu ya kuchangishana hugongana na sheria. Ami anaingiza fedha, zinaonekana, halafu siku ya ishirini na tano anazichukua ana mzigo wake bandarini, akiahidi kuzirejesha kesho. Hesabu imevunjika, hata zikirudi asubuhi yake.

Marekani ni dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, kabla ya usaili, na haingii mtu mapema zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20, fomu inayotolewa na chuo. Ujerumani ni akaunti ya benki iliyozuiwa yenye yuro 11,904 kwa mwaka, inayofunguka yuro 992 kila mwezi, na kujiandikisha manispaa ndani ya wiki mbili.

Vyote hivyo vinaingia kwenye karatasi moja kwa kila nchi. Palikuwa na vyumba viwili vitupu pembeni mwa ukumbi na wanafunzi waliorudi likizo wa kutosha kusimamia makundi manne. Kuwaweka watu wote pamoja kuwasomea mambo ya jumla ni uzembe wa mpangilio, hatuna neno jengine. Waandaaji wamejibu kuwa watoa mada wa nchi moja moja ni ghali. Hatukubaliani, kwa sababu kinachotakiwa hapa si profesa, ni mtu aliyefika mwaka jana na bado ana risiti.

Lililosemwa vizuri mchana huo ni kujisajili ubalozi wa Tanzania mara baada ya kufika, na mtoa mada alitoa sababu zinazoeleweka: Wuhan 2020, Ukraine 2022, Sudan 2023. Mara zote tatu walikuwepo wanafunzi wa Kitanzania. Ubalozi hutafuta watu kwa orodha yake, na asiyekuwemo hutafutwa mwisho, tena na wazazi wake kwa kupiga simu ovyo. Pale ambapo Tanzania haina ubalozi, ulizia ni ubalozi wa nchi gani jirani unaohusika.

Fedha

Kipindi cha fedha kilikuwa saa moja, na nusu yake ilikuwa juu ya kubana matumizi. Kilichohitajika ni ratiba ya fedha. Mfadhiliwa wa serikali ya China wa shahada ya kwanza hupewa yuan 2,500 kwa mwezi, wa uzamili 3,000, wa uzamivu 3,500, na vijana waliokuwepo walizihesabu kama kwamba zitawasubiri uwanjani. Hazisubiri. Mpaka mtu asajiliwe chuoni, afunguliwe akaunti ya benki na jina lake liingie kwenye orodha ya malipo, wiki kadhaa zimepita, na wakati huo anakula, ananunua godoro na blanketi, analipa ada ya kibali na pengine kurudia vipimo vya afya. Anayejilipia huongeza bima ya yuan 800 kwa mwaka. Ushauri wetu ni kutoka nyumbani na matumizi ya miezi miwili, nusu taslimu na nusu kwenye kadi.

Kuhusu kadi, jambo linaloangusha wengi halina uhusiano na salio. Benki za nyumbani hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya Tanzania. Laini hiyo ikiwa imeachwa kwenye simu ya mdogo wake, au haijafunguliwa huduma ya kutumika nje, kadi yenye fedha ndani yake haiwezi kulipia chochote mtandaoni. Laini iondoke na mwenyewe, ifunguliwe huduma hiyo kabla ya safari, na itiwe vocha kidogo kidogo, kwa sababu laini isiyotumika hufungwa na namba hugaiwa mtu mwengine. Benki pia iarifiwe nchi na tarehe, ama itadhani kadi imeibiwa na kuifunga. Kwa China, kadi ya Visa siku hizi huweza kuunganishwa na Alipay au WeChat, na ni vyema programu hizo zifunguliwe hapa hapa, kwani WeChat wakati mwengine hudai mtumiaji wa zamani amthibitishe mpya, na uwanja wa ndege si pahala pa kumtafuta mtu huyo.

Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ilitajwa kwa dakika tano, kwa sauti ya kuonya tu. Mkataba wenyewe ungesomwa kifungu kwa kifungu.

Masomo yenyewe

Kipindi hiki kilikuwa kifupi kuliko vyote na kilifundishwa na mtu anayekijua. Badala ya kueleza wizi wa maandishi ni nini, aliwapa aya moja, akawataka waiandike upya kwa maneno yao na kutaja ilikotoka, kisha akaonesha kuwa wengi wao wamebadilisha maneno matatu na kuacha sentensi zima. Programu za vyuo huikamata kazi ya aina hiyo kwa sekunde chache. Kijana aliyefaulu kidato cha sita kwa kukariri nukuu za mwalimu anahitaji siku nzima ya zoezi hili. Alipewa dakika arubaini.

Mahudhurio hayakutajwa. Vyuo vingi vya India humzuia mtihani aliyehudhuria chini ya asilimia 75, na wanaochelewa kufika kwa sababu ya viza huanza tayari wakiwa na deni. Wala haikutajwa kuwa China na Uturuki, kwa kozi zisizofundishwa kwa Kiingereza, mwaka wa mwanzo ni wa lugha. Shahada ya miaka minne ni mitano, na mzazi anayepanga ada ya mdogo wake ahesabu hivyo.

Begi, na kipindi cha wazee

Mambo ya begi yalichukua muda mrefu na ukumbi ulichangamka, kama ilivyo kawaida. Tuseme machache. Soketi zetu za pini tatu bapa zinafanana na za Uingereza na Malaysia, kwa hivyo wa huko hawahitaji adapta. Wa China, India, Uturuki na Marekani wanahitaji, na wa Marekani waache pasi na birika nyumbani, maana umeme wa kule ni volti 120 na vyombo vyetu ni vya 230. Nyama na maziwa, pamoja na samli ya bibi, haviruhusiwi kuingizwa na abiria katika nchi za Umoja wa Ulaya. Samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20, kwa hivyo dagaa wakavu wana ruhusa ambayo nyama ya kukausha haina. Wafungwe mara tatu. Jirani wa bwenini hana sheria ya kumkinga na harufu. Dawa zibaki kwenye boksi lake na cheti cha daktari chenye jina la dawa, si la kampuni. Tramadol, ambayo hapa mtu huinunua kwa maumivu ya mgongo, ni dawa ya kudhibitiwa katika Falme za Kiarabu na Misri, na anayeunganisha ndege Dubai anapita katika sheria hiyo hata kama hatoki uwanjani.

Kuhusu afya, neno moja lingetosha na halikusemwa: homa ikikushika katika majuma ya mwanzo, mwambie daktari kuwa umetoka Afrika Mashariki na utake kipimo cha malaria. Daktari wa mji wa baridi atafikiria mafua.

Kipindi cha wazee siku ya tatu ndicho tulichosema hakipatikani kwengine. Mzazi mmoja kwa kila mwanafunzi, bila ya nyongeza ya ada. Waliambiwa kwamba WhatsApp haifunguki China kwa intaneti ya kawaida, kwa hivyo kimya cha siku mbili za mwanzo si msiba, na wakasaidiwa kuweka WeChat kwenye simu zao pale pale, wengine wakimkabidhi simu kijana wa pembeni na kumwambia, "Nitilie, mwanangu." Walipewa karatasi ya saa: China na Malaysia ziko mbele yetu kwa saa tano, India mbili na nusu, Uturuki saa ni moja na yetu mwaka mzima, Uingereza iko nyuma saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto. Anayempigia mtoto wake wa Beijing baada ya sala ya Isha anamuamsha saa saba ya usiku.

Mwendeshaji aliwauliza pia swali gumu, taratibu na kwa adabu: akifariki mtu wa karibu, mwanafunzi aambiwe lini na na nani? Kila familia ilitakiwa ikubaliane kabla ya safari na kumjuilisha mtoto makubaliano hayo. Wasipokubaliana, habari itamfikia kwenye kundi la simu la mtaa, asubuhi ya mtihani.

Kwa wa Pemba, na kwa atakayerudi

Kozi hufanyika Unguja tu. Mwanafunzi wa Wete au Mkoani anaongeza nauli ya boti kwenda na kurudi na pahala pa kulala, na jumla inaizidi ada yenyewe. Siku ya kwanza haihitaji chochote zaidi ya meza, vyeti na mkufunzi mmoja. Ingeweza kufanyika Chake Chake kwa ukumbi wa skuli. Tumelisema hili kwa waandaaji na jibu limekuwa "tutaangalia".

Kurudi hakukuwemo kabisa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayotambua na kulinganisha shahada za nje, na mahali pa kuanza ni kabla ya kulipa ada: chuo hicho kinatambuliwa na serikali ya nchi yake? Kozi hiyo inatambuliwa kwenye taaluma yake, hasa udaktari, uuguzi na ufamasia, ambako mtu atatakiwa kusajiliwa na baraza akirudi? Mwanafunzi aweke mihtasari ya masomo ya kila muhula, matokeo yenye muhuri, na asiitupe pasipoti ya zamani yenye viza na mihuri ya kuingia, kwani ndiyo ushahidi kuwa alikaa huko akasoma.

Kwa hali ilivyo, anayekwenda China apate siku zote tatu, kwa sababu maelezo mengi mazuri yalimwelekea yeye. Wa India, Malaysia na Uturuki watosheke na siku ya kwanza na kipindi cha wazee, kisha wamtafute mwenzao aliyefika mwaka jana. Wa Uingereza wasingojee kozi; waanze na benki, maana zile siku 28 hazifupishwi na mtu. Tuliwauliza waandaaji kama wanauza siku moja moja. Wamesema kuanzia awamu ijayo siku ya kwanza itapatikana peke yake kwa shilingi 20,000, na anayeitaka ajiandikishe mapema na aje na vyeti vyake vyote, asije na nakala.